Visanduku Sita Vilivyoegemea Kushoto

Shilingi 455,000 hazikuonekana, na mama mweka hazina alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki, mikono mapajani, macho chini. Ilikuwa Jumamosi alasiri hapa Nsambya, uani kwa mwenyekiti wetu, mahali kikundi chetu cha kuzikana hukutana kila mwezi. Waganda huviita vikundi vya namna hii munno mukabi, rafiki wa siku ya shida. Chetu kina Waganda, Wateso, Waacholi, Walugbara na Wasamia, wengi wao watoto na wajukuu wa askari polisi na wafanyakazi wa reli. Lugha ya nyumbani hatuchangii, hivyo tunazungumza Kiswahili, kilekile tulichokulia kambini miaka mingi kabla ya baraza la mawaziri la Uganda kukipitisha kuwa lugha rasmi mwezi Julai 2022.

Wiki mbili kabla ya hapo tulikuwa tumemzika mwenzetu. Mabugo, yaani mchango wa msiba, pamoja na fedha za mfuko wa kikundi, yalifika 2,310,000. Matumizi, kwa karatasi ya Excel iliyochapishwa na kugawiwa kila mtu, yalikuwa 1,391,000. Basi zilizotakiwa kubaki ni 919,000. Bahasha aliyokuja nayo mama ilikuwa na 464,000. Kila mmoja alitoa kwa simu yake au kichwani, na wote wakafika palepale.

Hakuna aliyetamka neno wizi, lakini kimya kilichotanda kilikuwa kinalitamka. Mzee mmoja, askari mstaafu ambaye sote tunamwita Afande, aliuliza kwa upole kama pengine mama alimkopesha mtu akasahau. "Sijamkopesha mtu, Afande," akajibu. "Pesa ni hizo. Risiti ni hizi." Akazitoa risiti kwenye mkoba, zimebanwa kwa pini ya nguo, akaziweka mezani. Mama huyu ametunza fedha zetu kwa miaka tisa. Ndiye aliyelala kwangu siku tatu tulipomzika baba yangu, akihesabu sahani na kufungia sukari kabatini. Niliona mikono yake ikitetemeka, nikaomba kompyuta ndogo iliyotumika kuandika ile karatasi.

Safu ya matumizi ilikuwa na mistari 31. Niliitazama kama mtu anavyotazama foleni ya watu, bila kusoma majina kwanza. Namba 25 zilikuwa zimejipanga upande wa kulia wa visanduku vyao, tarakimu ya mwisho ya kila moja ikigusa ukuta. Sita zilikuwa zimeegemea kushoto. Hema na viti, 180,000/=. Mchele, 120,000/=. Usafiri, 80,000/=. Kuni, 35,000/=. Kukodi sufuria, 25,000/=. Maji, 15,000/=.

"Mama, hizi sita umeandika wewe mwenyewe?"

"Hizo ni za kijana aliyekwenda kununua vitu. Alinitumia kwa WhatsApp, mimi nikanakili nikabandika. Nilifanya vibaya?"

Zijumlishe hizo sita. Ni 455,000 kamili.

Hakukuwa na shilingi iliyopotea. Zile fedha zilikuwa zimenunua mchele tulioula na kuni zilizoupika, na kila mtu pale uani alikuwa ameketi kwenye kiti cha lile hema siku ya mazishi. Kilichopotea ni uwezo wa mashine kuziona. Alama mbili ndogo mwishoni mwa kila namba, mkwaju na mistari miwili ya usawa, ziliifanya Excel iamini kwamba 180,000/= ni neno, sawa na "mchele" au "kuni". Neno halijumlishwi.

Jambo hili nimelibeba tangu siku ile, kwa sababu naamini halikutokea kwetu tu. Karibu kila ofisi ndogo ninayoifahamu Kampala, iwe SACCO, shule, duka la vipuri au kamati ya harusi, siku hizi inaweka hesabu zake kwenye lahajedwali, na karibu zote zinaandika fedha kama tulivyofundishwa na walimu wetu ubaoni. Mikono yetu ina desturi moja na mashine ina nyingine. Zinapokutana, anayeumia ni yule aliyeshika bahasha.

Elewa kwanza namna programu inavyofikiri. Ukiandika kitu katika kisanduku na kubonyeza kitufe cha kuingiza, Excel hukiangalia na kuamua papo hapo: hii ni namba, ni tarehe, ni fomula, au ni maandishi tu. Mkato wa maelfu inauelewa, kwa hiyo 180,000 ni namba. Ukiongeza /= mwishoni, haijui ni nini, inakihifadhi kama maandishi. Namba huwekwa kulia, maandishi kushoto. Hiyo ndiyo ishara pekee utakayopewa bure, na mtu akishabofya kitufe cha kuweka kila kitu katikati ili karatasi ipendeze, nayo imefutika.

Kibaya zaidi ni ukimya wa SUM, fomula ya kujumlisha safu nzima. Ukijumlisha visanduku viwili kwa alama ya kujumlisha, kimoja kikiwa na maandishi ya namna hiyo, Excel inakuonyesha kosa, #VALUE!, nawe unajua pana shida. SUM haifanyi hivyo. Inapita juu ya maandishi kana kwamba kisanduku ni kitupu, inakuletea jumla safi, imenyooka, haina doa. Ilitengenezwa hivyo kwa nia njema, ili kichwa cha habari kilichomo ndani ya safu kisivuruge hesabu. Lakini kwa mweka hazina wa msiba, jumla yenye kelele ingekuwa na huruma kuliko jumla iliyo kimya.

Na /= si takataka. Ni alama yenye ukoo, na mimi naipenda. Waingereza, kabla ya kubadili fedha zao mwaka 1971, waligawanya pauni kuwa shilingi 20 na shilingi kuwa peni 12. Shilingi tano na peni sita waliandika 5/6. Shilingi tano bila peni, 5/-. Shilingi ya Afrika Mashariki ilipoanzishwa mwaka 1921, ikachukua nafasi ya florini iliyodumu muda mfupi tu, iligawanywa kwa senti 100, lakini mkwaju ukabaki na kazi yake: kushoto shilingi, kulia senti. Shilingi tano na nusu ikawa 5/50. Shilingi tano kamili ikawa 5/-, na kwa mikono yetu kistari kikaongezewa mwenzake, ikawa 5/=. Uganda, Kenya na Tanzania zilipopata kila moja shilingi yake mwaka 1966, alama ilivuka nazo. Mwaka 1987 Uganda iliondoa sifuri mbili, shilingi 100 za zamani zikawa moja mpya, alama ikabaki. Senti zimetoweka mifukoni mwetu, alama ingali ipo kwenye risiti ya duka la dawa na kwenye bango la kuuza kiwanja.

Ipo kwa sababu ina kazi. Namba iliyoachwa wazi kulia ni mlango usio na komeo: kwenye 5,000 mtu anaweza kuongeza sifuri. Andika 5,000/= na mlango umefungwa. Tukisoma kwa sauti tunasema "shilingi elfu tano tu", na kwangu mimi lile "tu" ndilo /=. Ni uaminifu ulioandikwa kwa wino. Ndiyo maana sikuweza kumwambia mama kwamba yule kijana alikosea. Kijana aliandika kama mtu mwaminifu anavyoandika.

Mwanangu wa shule ya sekondari alikuwa karibu, akasema kuziondoa ni dakika moja. Karibu ni kweli. Unachagua safu ya fedha peke yake, na hilo usilisahau, kwa sababu ukiacha kuchagua, mabadiliko yatapita karatasi nzima. Unabonyeza Ctrl pamoja na H, kisanduku cha kutafuta na kubadilisha kinafunguka. Juu unaandika /= na chini huandiki kitu. Unaamuru yote yabadilishwe. Excel inasoma upya kila kisanduku kama vile umekiandika sasa hivi, na ikiona 180,000 bila mkia, inakihamishia kulia.

Tulifanya hivyo mbele ya watu, kompyuta ikiwa juu ya meza ya soda. Kuni zikahama. Maji yakahama. Sufuria, usafiri, hema. Jumla ikapanda mara moja hadi 1,726,000. Mchele ukabaki kushoto.

Nikaubofya mchele. Ndani mlisomeka 120,000, hapana mkwaju, hapana usawa. Nikapeleka mshale mwisho wa namba, nikaona umesimama hatua moja mbali na sifuri ya mwisho. Palikuwa na nafasi. Nikaifuta kwa mkono, nikabonyeza, 120,000 ikaruka kulia, jumla ikawa 1,846,000. Afande, aliyekuwa amevaa miwani kufuatilia, akatoa 1,846,000 kwenye 2,310,000 kwa kalamu nyuma ya ratiba ya mazishi. Akapata 464,000. Akaitazama bahasha. Kisha akasimama, akavua kofia, akamwambia mama, "Mama, tusamehe." Wengine wakafuata. Nimehudhuria mikutano mingi ya kikundi hiki na sijawahi kuona mingine iliyomalizika kwa watu wote kusimama.

Ile nafasi ya mchele ina jina na namba yake. Si nafasi ya kawaida inayotoka kwenye kitufe kirefu cha kibodi. Ni ile inayotumiwa na kurasa za intaneti na programu nyingine kuzuia maneno mawili yasitenganishwe mwisho wa mstari, na ndani ya kompyuta inajulikana kwa namba 160. Kwa macho hazitofautiani hata kidogo. Kwa Excel ni vitu viwili tofauti. TRIM, ambayo watu wengi hufundishwa kuwa ndiyo dawa ya nafasi zilizozidi, haiigusi. CLEAN nayo huondoa alama zile za siri za kompyuta kuanzia 0 hadi 31 tu, kwa hiyo 160 inaiacha ilivyo. Inabidi uitaje kwa namba: =VALUE(SUBSTITUTE(C2,CHAR(160),"")). Au, bila fomula, nakili hiyo nafasi kutoka ndani ya kisanduku, ibandike kwenye sehemu ya kutafuta, na chini uache patupu. Aliyewahi kuhangaika usiku kucha na safu inayokataa kujumlishwa ingawa "haina kitu" atanielewa.

Tangu siku ile watu wa mtaani wameanza kuniletea faili zao. Mmoja anafanya kazi na shirika linalopokea ripoti kutoka Goma na Bukavu. Kule mambo yanageuka, maana walisoma kwa Kifaransa: mkato ndio unaotenga desimali, na maelfu hutengwa kwa nukta au kwa nafasi. Elfu moja mia mbili na hamsini na robo tatu wanaandika 1.250,75. Ukiiona kwa macho ya Kampala utafuta mkato upesi, kama ulivyozoea. Lakini chukua ile isiyo na desimali, 1.250 peke yake. Excel iliyopangwa kwa Kiingereza inaipokea bila kusita, inaiweka kulia kama namba halali, na thamani yake ni moja na robo. Elfu nzima imeyeyuka na hakuna kisanduku hata kimoja kilichoegemea kushoto. Kwa faili za namna hiyo kuna NUMBERVALUE, iliyokuja na Excel ya 2013, ambayo unaiambia wazi alama ipi ni ya desimali na ipi ni ya maelfu. Lakini kabla ya fomula, mpigie simu aliyeandika umwulize. Simu ya Goma ni rahisi kuliko ripoti ya uongo.

Hapo ndipo nilipo na neno la kusema kwa wanaofundisha usafishaji wa data katika warsha zetu. Nimeona ikipendekezwa fomula moja ya kumaliza kila shida: ondoa chochote kisicho tarakimu. Katika Google Sheets inaandikwa kwa REGEXREPLACE, ni mstari mmoja tu, na inavutia. Inafagia UGX, USh, mikato, mikwaju, nafasi za kila aina. Nami nasema ni hatari, na hatari yake haionekani kwa sababu baada yake kila kitu kinaegemea kulia.

Chukua orodha ya ahadi za harusi, kama zinavyoandikwa katika mikutano ya Kampala. Mjomba ameahidi 50k. Shangazi 1.5m. Fagia herufi: mjomba sasa ameahidi shilingi 50, na shangazi, nukta ikifagiliwa pia, 15. Mhasibu ameweka (25,000) katika mabano, kwa desturi ya wahasibu kumaanisha deni au upungufu. Ungeiachia Excel, ingeyaelewa mabano hayo na kuandika hasi. Ukiyafagia kwanza, deni limekuwa mapato, na kosa lako ni 50,000, si 25,000. Mtu ameandika bei ya hema kuwa 150,000-180,000 akisubiri kupatana. Kistari kikiondoka una namba ya tarakimu 12 inayoweza kununua mtaa. Mwingine ameandika 2,500 x 3, nayo inakuwa 25,003.

Lakini fedha hurudishwa. Kinachonikosesha usingizi ni daftari la zahanati.

Nsambya ni kilima cha tiba. Mwaka 1903 mtawa wa Ireland, Mother Kevin, ambaye watu wa hapa walimwita Mama Kevina, alianza kutibu wagonjwa bure chini ya mwembe, na kutoka hapo ikaota hospitali ya Mtakatifu Fransisko tunayoijua leo. Kuizunguka, kama kuzunguka kila hospitali kubwa Afrika Mashariki, kumejaa kliniki ndogo, maduka ya dawa na maabara za chumba kimoja. Daftari lao lina lugha yake, nami nililijua nikiwa kijana nilipomsaidia dada yangu, muuguzi, kuhamishia vitabu kwenye kompyuta ya kliniki moja binafsi.

Katika safu ya umri kuna 34, kuna 7, halafu kuna 8/12. Hiyo ni lugha ya waganga: sehemu nane za kumi na mbili za mwaka, yaani mtoto wa miezi minane. 2/52 ni wiki mbili. 5/7 ni siku tano. Niliandika 8/12 kama nilivyoiona, Excel ikaigeuza kuwa tarehe ya mwezi Desemba. Nikaandika nyingine, 3/12, ikawa tarehe tena. Nilikasirika, nikaamua kufagia mikwaju yote. Mtoto wa miezi minane akawa na miaka 812. Dada yangu alicheka kwanza, kisha akanyamaza, akaniuliza, "Na huyu wa 1/12 je?" Huyo alikuwa amekuwa 112. Bibi kizee anayewezekana. Ungeweza kumwona kwenye orodha na usishtuke, na dozi ya dawa hutolewa kwa umri.

Katika safu ya presha kuna 120/80. Hizo ni namba mbili zinazoishi pamoja, ya moyo unapokaza na ya moyo unapolegea. Zinatakiwa kutenganishwa katika safu mbili, na mkwaju ndio unaokuonyesha pa kukata. Katika safu ya damu, pale fundi wa maabara anapotafuta vijidudu vya malaria kwa darubini, kuna +, kuna ++, kuna +++ na ++++. Hapo hapana tarakimu hata moja. Alama ndiyo jibu, na wingi wake ndio ukali wa ugonjwa. Pitisha ile fomula ya kufagia kisicho tarakimu, na safu nzima itabaki nyeupe. Umeponya mtaa mzima kwa kubonyeza kitufe. Na katika safu ya wingi wa virusi vya UKIMWI utakuta <50. Ile alama ya "chini ya" inasema kipimo hakikuweza kuhesabu, virusi ni vichache kuliko mashine inavyoweza kuona, na kwa mgonjwa anayemeza dawa kila siku hiyo ni habari njema kuliko zote. Ukiifuta, imebaki 50, kana kwamba mtu alivihesabu.

Kutoka kwenye madaftari ya namna hii ndiko zinakotoka takwimu za mwezi, zinazojazwa katika fomu za Wizara ya Afya na kuingizwa katika DHIS2, mfumo ulioanzia Chuo Kikuu cha Oslo ambao nchi zetu nyingi zinautumia. Wizara ikipanga vyandarua na dawa, inapanga kwa namba hizo. Mkono wa kwanza kugusa alama ni wa kijana kama nilivyokuwa mimi, mwenye haraka, bila mtu wa kumweleza kwamba mkwaju wa umri na mkwaju wa fedha si ndugu.

Usidhani ni shida ya wasiosoma. Wanasayansi wa chembe za urithi waliteseka miaka mingi kwa sababu jeni zilizoitwa SEPT2 na MARCH1 ziligeuzwa na Excel kuwa tarehe za Septemba na Machi. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2016 ulikuta makosa hayo katika takribani moja ya tano ya makala zilizoambatanisha orodha za jeni za Excel. Mwaka 2020 wenye mamlaka ya kutoa majina ya jeni za binadamu wakasalimu amri: SEPT2 ikawa SEPTIN2, MARCH1 ikawa MARCHF1. Ni mwaka 2023 tu ambapo Microsoft iliweka mahali pa kuzima baadhi ya ugeuzaji huo. Yule anayehamisha kitabu cha zamani cha ushirika na kuandika 5/50 kwa maana ya shilingi tano na senti hamsini, Excel itamwonyesha May-50, Mei 1950, na chini yake thamani ya 18,384, idadi ya siku kwa kalenda yake inayoanza mwaka 1900. Na hizo 18,384 SUM inazijumlisha bila kinyongo.

Kuna pia namba ambazo si namba. Tangu MTN ilipoanzisha huduma ya fedha kwa simu hapa Uganda mwaka 2009, michango yetu mingi huja kwa simu, na orodha ya wanachama hupangwa kwa namba za simu. Excel hukata sifuri ya mwanzo ya 077 kwa sababu kwa hesabu sifuri ya mbele haina thamani. Ukiandika kwa 256 inaweza kukuonyesha 2.57E+11. Ikizidi tarakimu 15, kama akaunti fulani za benki, za mwisho zinageuzwa sifuri na hazirudi tena. Namba ya simu, ya mlipakodi au ya akaunti ni jina lililoandikwa kwa tarakimu. Hakuna atakayejumlisha simu za watu wawili. Zipangie safu hizo ziwe maandishi kabla hujabandika kitu, na ziache ziegemee kushoto kwa amani.

Kwa kazi ya kikundi chetu tulikubaliana mambo machache. Safu iliyokuja haiguswi. Tunafanya nakala pembeni na kusafishia huko, ili siku mtu akiuliza, kilichoandikwa kwanza kiwepo. Kabla ya kufuta alama yoyote, aliyeiandika anaulizwa ilimaanisha nini. Na chini ya safu ya fedha nimeweka kisanduku kimoja chenye =COUNTA(C2:C32)-COUNT(C2:C32). Ya kwanza inahesabu visanduku vyote vyenye kitu, ya pili vile vyenye namba tu. Jibu likiwa sifuri, kila kilichoandikwa kimeonekana. Siku ile lingekuwa sita, na mama angelala usingizi wake. Nilijaribu pia kuiamuru safu ikatae maandishi, Excel inaruhusu, lakini zuio hilo linamkamata anayeandika kwa kibodi. Anayebandika kutoka WhatsApp anapita.

Nilidhani kazi imekwisha. Mwezi uliofuata nilipeleka taarifa mpya kwa mama aitie saini. Aliisoma mstari kwa mstari kwa kidole. Alipofika mwisho aliweka kalamu chini.

"Mwanangu, hizi namba ziko wazi."

"Wazi vipi, Mama?"

"Hazijafungwa. Mimi siwezi kuweka jina langu chini ya pesa ambayo haijafungwa."

Nikarudi kwenye kompyuta. Excel ina mahali pa kupanga namna namba inavyoonekana bila kugusa namba yenyewe. Nikachagua safu, nikafungua mpangilio wa namba, nikaandika #,##0"/=" na kubonyeza. Ndani ya kisanduku mna 180000, tarakimu tupu ambazo SUM inaziona. Juu yake, kwa macho ya mtu, panasomeka 180,000/=. Nikaigeuza kompyuta imwelekee. Mistari yote ilikuwa kulia, kila mmoja na mkwaju wake na mistari yake miwili, na chini kabisa ile sifuri ya ukaguzi.

Akavuta kiti karibu, akarudia kwa kidole kutoka juu. Nilipochapisha, akatia saini.